Dorothy Hodgkin, mama aliyefuata siri ya insulini kwa miaka 34

Mwezi wa kumi 1964, Dorothy Crowfoot Hodgkin alikuwa Ghana, ambako mume wake Thomas aliongoza Taasisi ya Masomo ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Ghana, pale Legon. Huko ndiko habari ilimkuta: amepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, peke yake, bila kugawana na mtu. Alikuwa na miaka 54 na watoto watatu. Kwao Uingereza, kuna gazeti lililomtaja kwanza kama mama wa nyumbani. Lakini mama huyo ndiye aliyekuwa ameonyesha umbo la penisilini na la vitamini B12. Na kazi iliyokuwa moyoni mwake kuliko zote, ile ya insulini, ilikuwa bado haijaisha.

Afrika haikuwa ngeni kwake. Alizaliwa Cairo, inchini Misri, tarehe 12 mwezi wa tano 1910. Baba yake alifanya kazi ya elimu Misri, kisha Sudan. Dorothy na wadogo zake watatu walikulia zaidi Uingereza, mbali na wazazi. Alipofika miaka 13 alienda kuwatembelea Khartoum, na huko mtaalamu mmoja wa udongo, rafiki wa familia, akamfundisha kupima mawe na madini. Aliporudi shuleni, kemia ilikuwa somo la wavulana. Yeye na msichana mwingine mmoja tu ndio walioruhusiwa kuingia darasa hilo.

Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka wa 1932 akaenda Cambridge kufanya utafiti chini ya John Desmond Bernal. Swali lao lilikuwa hili: protini zina umbo gani?

Protini ni kama mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Mnyororo huo unajikunja, na vile unavyojikunja ndivyo unavyoweza kufanya kazi yake mwilini. Umbo likiharibika, kazi nayo inaharibika. Lakini hakuna darubini ya wakati ule iliyoweza kuliona. Njia ilikuwa kuifanya protini iwe kristali, yaani chembe ngumu zilizopangika vizuri kama za chumvi, kisha kuipiga mionzi X, ile inayotumiwa hospitalini kupiga picha ya mifupa. Mionzi inatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Kutokana na madoa hayo, mtafiti anapiga hesabu mpaka ajue kila atomu iko wapi.

Mwaka wa 1934 Bernal na Dorothy walipata picha nzuri ya kwanza ya namna hiyo ya protini, ile iitwayo pepsini, inayosaga chakula tumboni. Siri yao ilikuwa kuiacha kristali ndani ya maji yake badala ya kuikausha. Mwaka huohuo, waganga walimwambia Dorothy kwamba maumivu ya mikono yake ni ugonjwa wa viungo usiopona. Alikuwa na miaka 24.

Alirudi Oxford na kuanza na insulini. Dawa hiyo ilikuwa ikiokoa wagonjwa wa sukari tangu mwaka wa 1922, lakini hakuna aliyejua imeumbwaje. Usiku alipoona madoa ya kwanza kwenye filamu yake, alitoka na kutembea barabarani kwa furaha. Asubuhi wasiwasi ukamshika, akarudi kuhakikisha kama kweli zile kristali zilikuwa protini. Zilikuwa protini. Picha hiyo ilitangazwa mwaka wa 1935.

Kutoka kwenye picha mpaka umbo kamili, njia ilikuwa ndefu. Insulini ina atomu karibu 800, na hesabu za wakati ule hazikuweza kubeba mzigo huo. Basi Dorothy akapanda ngazi polepole. Wakati wa vita alishughulikia penisilini, yenye atomu karibu 40, na mwaka wa 1945 umbo lake likajulikana. Ikafuata vitamini B12, yenye atomu zaidi ya 180, ambayo ni tegemeo la wagonjwa wa aina moja mbaya ya upungufu wa damu. Hiyo ilimaliza karibu miaka minane, na kompyuta za kwanza zilisaidia. Wakati huo vidole vyake vilizidi kupinda, hata ikabidi swichi ya mashine ya mionzi iwekewe mkono mrefu ili aweze kuiwasha.

Hakujifungia ndani ya maabara. Wajomba zake wanne walikuwa wamekufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na maisha yake yote alitetea amani. Mwaka wa 1953 Marekani ilimkatalia visa kwa sababu ya uhusiano wake na watu na vyama vya mrengo wa kushoto. Kwa upande mwingine, kati ya wanafunzi wake alikuwemo Margaret Thatcher, waziri mkuu wa baadaye, ambaye siasa zake hazikufanana naye hata kidogo.

Mwaka wa 1969, miaka 34 baada ya ile picha ya kwanza, umbo la insulini lilijulikana: asidi amino 51 katika minyororo miwili, na insulini sita zinazoshikana pamoja kuzunguka madini ya zinki. Dorothy alimwachia kijana wa kikundi chake, Tom Blundell, nafasi ya kuitangaza mbele ya wataalamu.

Jambo hilo la kushikana lina maana kubwa kwa mgonjwa. Insulini zilizoshikana sita sita lazima ziachane kwanza kabla ya kuingia katika damu, na hapo zinachelewa. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa dawa walibadilisha asidi amino chache ili zisishikane sana. Hivyo ndivyo ilivyopatikana insulini inayofanya kazi haraka, ambayo mgonjwa anajichoma karibu na wakati wa kula.

Dorothy Hodgkin alifariki tarehe 29 mwezi wa saba 1994. Mwaka uliotangulia alikuwa amesafiri mpaka China kwa kiti cha magurudumu ili akae na watafiti wenzake.

Mwaka wa 2024, sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia iliwaendea Demis Hassabis na John Jumper, ambao programu yao ya kompyuta inakisia umbo la protini kwa muda mfupi sana. Lakini programu hiyo ilijifunza kutokana na maelfu ya maumbo yaliyopatikana kwa kazi ya mkono, mengi yao kwa njia ileile ya kristali na mionzi ambayo Dorothy aliishika tangu mwaka wa 1934 na hakuiacha.