Robert Koch: Tabibu wa Kimeta na Mkasa wa Visiwa vya Sese

Kule Kipevu, upande wa Changamwe, gati za meli, matangi ya mafuta, mikoko na mtambo wa kusafisha majitaka vimepakana. Samaki, mbuzi wa mitaani na binadamu hushiriki ardhi na maji yale yale. Anayetaka kufahamu kwa nini sera ya afya haiwezi kuwatenga watu, wanyama na mazingira yao, hana budi kuyarejelea maisha ya Robert Koch, Mjerumani aliyezaliwa Clausthal mnamo 1843.

Koch hakuanzia katika chuo kikubwa. Alikuwa tabibu wa wilaya huko Wollstein, mahali ambapo kimeta kiliangamiza kondoo na ng'ombe na kuwadhuru wafugaji. Kwa hadubini na panya wachache, alithibitisha mwaka 1876 kwamba bakteria wa kimeta hujigeuza mbegu ngumu zinazodumu udongoni kwa miaka mingi. Malisho yenyewe, basi, yalikuwa ghala la maradhi: mnyama huyapata akila nyasi, na mtu huyapata akimchuna mnyama.

Mwaka 1882 alitangaza kimelea cha kifua kikuu, kisha akakifuatilia kipindupindu Misri na India. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani uliochuja maji ya mto huo huo kwa mchanga, ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Kwa wakazi wa kando ya mtambo wa majitaka, kisa hiki si historia ya mbali.

Aghalabu wasifu wa Koch huishia kwenye sifa hizi. Kwa maoni yetu, huo ni upungufu. Mtu huyu aliyeunganisha ng'ombe na binadamu katika kimeta ndiye aliyewatenganisha mwaka 1901, alipodai jijini London kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa watu, wala hapakuwa na haja ya hatua kali dhidi ya maziwa.

Mwaka 1906, akiwa tayari na Tuzo ya Nobel, alikwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria. Malale ilikuwa imekwisha kuua watu wengi mno Uganda. Reli iliyoanzia Mombasa na kuvukia Changamwe ilikuwa imelifikia ziwa mwaka 1901, na misafara ya wageni ikazidi. Koch alitambua kwamba mbung'o hunyonya damu ya mamba, akapendekeza mamba waangamizwe na vichaka vya ufuoni vifyekwe. Mazingira aliyaona vizuri. Wagonjwa je? Aliwadunga atoksili, dawa yenye aseniki, akazidisha kipimo pale dozi ndogo zilipokosa kuponya. Baadhi yao wakapofuka moja kwa moja. Hata hivyo alishauri wagonjwa wakusanywe kambini, na kambi za namna hiyo zikaenea katika makoloni. Wanakisiwa walikuwa binadamu katika hesabu zake, lakini hawakuulizwa lolote.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Mwaka uliofuata, tume ya Uingereza iliyoundwa kuchunguza dai lake la London ilihitimisha kwamba maziwa ya ng'ombe mgonjwa huwaambukiza watu kifua kikuu, hususan watoto.