Louis Pasteur na Pumzi ya Hamira

Mgema wa Kilifi huteremsha tembo asubuhi likiwa tamu. Hata jioni hufika limekwisha kuchacha. Aliyethibitisha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai ni Mfaransa Louis Pasteur.

Alizaliwa mjini Dole tarehe 27 Desemba 1822, mwana wa mtengeneza ngozi. Mnamo mwaka 1854 alikwenda Lille kufundisha kemia, na mwaka 1856 akaombwa achunguze pombe ya viazisukari iliyokuwa ikiharibika kiwandani. Mwaka 1861 alionyesha kuwa hamira huweza kuishi pasipo hewa. Kiharusi cha mwaka 1868 kilimpooza upande wa kushoto, lakini hakuiacha kazi. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 kuhusu bia, alibainisha kuwa hamira inyimwayo hewa kwa muda mrefu hudhoofika, nayo hewa kidogo tu huihuisha.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895 pasi na kuijua sababu. Mnamo 1953 na 1954, Andreasen na Stier walionyesha kuwa bila hewa hamira hukosa ergosteroli na asidi za mafuta zinazoulainisha utando wa seli. Leo yajulikana kwamba utando ukikakamaa, seli huliamsha jeni la OLE1 ili litoe kimeng'enya cha kuziunda asidi hizo. Lakini kimeng'enya hicho hakitendi kazi bila oksijeni. Hivyo basi, hamira iliyomo kibuyuni, kama ile ya Lille, huihitaji hewa ili ijitengenezee mafuta yake.