Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuona baiskeli yenye taa isiyotumia betri. Kando ya gurudumu kuna chombo kidogo kiitwacho dinamo. Gurudumu likizunguka, dinamo nayo huzunguka na taa huwaka. Baiskeli ikisimama, taa huzimika. Je, umeme huo unatoka wapi? Soma habari za mtu aliyetupatia jibu. Jina lake ni Michael Faraday.

Utoto wake

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, karibu na mji wa London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi. Mzee huyo aliugua mara kwa mara, kwa hiyo fedha nyumbani zilikuwa haba. Mwaka 1801 chakula kilipanda bei sana. Michael alipewa mkate mmoja tu, aule wiki nzima.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Hakuendelea zaidi ya hapo. Alipofikia umri wa miaka 13 alianza kazi ya kutumwa katika duka la vitabu. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 7.

Mtu anaweza kujalidi vitabu maisha yake yote bila kuvisoma. Faraday alivisoma. Siku moja alisoma kitabu chenye habari za umeme. Hakutosheka na kusoma tu. Kwa fedha chache alizokuwa nazo alinunua vifaa, akatengeneza mtambo mdogo wa umeme ili ahakikishe mwenyewe.

Apata kazi

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Bwana Humphry Davy, mwanasayansi mashuhuri wa London. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akachora na picha. Kisha akayajalidi kuwa kitabu, akampelekea Bwana Davy na kumwomba kazi. Mwanzoni nafasi haikuwepo. Nafasi ilipopatikana mwaka 1813, Faraday aliajiriwa kuwa msaidizi wake.

Mwaka huo huo walisafiri pamoja katika nchi za Ulaya. Safarini Faraday alilazimika kufanya pia kazi za mtumishi, na mke wa Bwana Davy alimdharau. Faraday aliumia sana moyoni, hata akafikiria kuacha yote na kurudi kwao. Lakini alivumilia, akaendelea kujifunza.

Swali gumu

Ili uelewe kazi yake, kumbuka mambo mawili:

1. Umeme hupita vizuri katika waya wa shaba. Haupiti vizuri katika kitambaa kikavu au ubao mkavu.

2. Mkondo wa umeme unahitaji njia kamili, ya kutoka kwenye betri na kurudi kwenye betri. Njia ikikatika mahali popote, mkondo hukoma.

Mwaka 1820 Hans Christian Oersted, mtu wa Denmark, aligundua kwamba waya wenye umeme huisogeza sindano ya dira. Maana yake ni kwamba umeme huleta nguvu ya sumaku. Faraday akajiuliza: je, sumaku nayo inaweza kuleta umeme? Alijaribu kwa miaka kadhaa, akashindwa.

Tarehe 29 Agosti, 1831, alichukua pete nene ya chuma. Akaizungushia nyaya mbili za shaba, moja upande huu na nyingine upande ule. Alizitenga kwa kitambaa na kamba ili umeme usiruke kutoka waya mmoja kwenda mwingine. Waya wa kwanza aliuunganisha na betri. Waya wa pili aliupitisha karibu na sindano ya sumaku. Alipounganisha betri, sindano ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoitenga betri, sindano ilitikisika tena.

Mwezi Oktoba alijaribu bila betri. Alisukuma sumaku ndani ya waya uliozungushwa mara nyingi kama chemchemi ya godoro. Sindano ikasogea. Alipoitoa sumaku, sindano ilisogea upande wa pili. Alipoiacha ndani imetulia, sindano haikusogea hata kidogo.

Hapo ndipo alipopata jibu. Sumaku iliyotulia karibu na waya uliotulia haileti umeme. Lazima kuwe na mwendo.

Faida ya kazi yake

Sasa unaweza kuieleza ile dinamo. Ndani yake mna sumaku na waya uliozungushwa. Gurudumu huizungusha sumaku, na umeme hutokea katika waya. Wewe unayekanyaga pedali ndiye unayetoa nguvu.

Mitambo mikubwa hufuata kanuni hiyo hiyo. Huko Kidatu, mkoani Morogoro, maji ya Mto Ruaha Mkuu yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1975. Watu wengine hudhani umeme umo ndani ya maji. Sivyo. Maji huleta mwendo tu.

Lakini jihadhari. Faraday alitumia umeme mdogo. Umeme wa nyumbani unaua. Usiguse waya uliokatika wala nguzo iliyoanguka.

Mwisho wa maisha yake

Faraday alipata sifa nyingi, lakini alikataa kupewa cheo cha heshima na serikali. Aliwafundisha sayansi vijana na watu wa kawaida kwa maneno rahisi. Hesabu ngumu hakuzijua mpaka mwisho. Mwanasayansi mwingine, James Clerk Maxwell, ndiye aliyeyaeleza mawazo yake kwa hesabu. Faraday alifariki tarehe 25 Agosti, 1867.

Ndugu msomaji, Faraday alianza na kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Wewe pia unavyo hivyo. Unaposoma jambo, uliza, jaribu na uhakikishe.

Maswali

1. Baba yake Faraday alifanya kazi gani?
2. Kwa nini Faraday alizitenga nyaya kwa kitambaa?
3. Sindano ilifanya nini sumaku ilipotulia ndani ya waya?
4. Kwa nini taa ya dinamo huzimika baiskeli ikisimama?
5. Jadilianeni darasani: ni vitu gani kijijini kwenu vinavyoweza kuzungusha mtambo wa umeme?