Emin Pasha na Miaka ya Kungoja

Ndugu msomaji uliye jeshini au polisi, zipo taabu za kazi yako ambazo kila mtu huzijua: jua, mvua, mwendo mrefu, usingizi wa kukatizwa na hatari ya risasi. Lakini ipo taabu nyingine isiyoandikwa katika taarifa za zamu, nayo ni kungoja. Askari hungoja mshahara, hungoja barua ya nyumbani, hungoja uhamisho, hungoja amri. Akiwa amewekwa katika kituo cha mbali, kama vile mpakani Oraba kule Koboko, au katika kambi iliyo kando ya Mto Nile, moyo wake waweza kuchoka kabla ya mwili. Na moyo uliochoka ni ngome isiyo na mlango.

Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyengoja kwa miaka mingi katika nchi hiyo hiyo ya West Nile, naye ni Emin Pasha. Wako waliomsifu kuwa shujaa, na wako waliomlaumu kuwa dhaifu. Sisi tutatazama jambo moja tu: alipata wapi nguvu ya kuamka kila asubuhi na kufanya kazi, na kwa nini nguvu hiyo haikutosha kuwatuliza askari wake wote.

Habari zake si ngeni kwa wakazi wa Arua na Koboko. Mji wa Arua ulianzishwa mwaka 1914, West Nile ilipotiwa chini ya serikali ya Uganda, na Koboko imekuwa wilaya tangu mwaka 2005. Hata hivyo, Wanubi waishio katika miji hiyo, wenye lugha yao ya Kinubi, huhesabu miongoni mwa babu zao askari wa ngome alizozitawala Emin. Askari hao walitoka katika makabila mengi, wakiwamo Wamakaraka, Wabari na Wakakwa, wakaunganishwa na bunduki, dini na lugha moja ya kambini.

Emin alizaliwa tarehe 28 Machi, 1840, katika mji wa Oppeln, ambao siku hizi umo nchini Poland. Jina lake la kwanza lilikuwa Eduard Schnitzer, na wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alifariki angali mtoto, mama yake akaolewa na Mkristo, naye mtoto akabatizwa. Alisomea utabibu, akahitimu mwaka 1864. Hakupata kazi ya uganga nyumbani kwao, akaenda zake katika dola ya Waturuki, akawa mganga wa serikali katika bandari ya Antivari. Huko alijifunza lugha nyingi na kuvaa jina la Kituruki.

Baadaye alimtumikia gavana mmoja wa Kituruki. Gavana huyo alipofariki, Emin alirudi kwao pamoja na mjane wa marehemu na watoto wake, kisha mwaka 1875 akaondoka ghafla, akamwacha mjane yule mikononi mwa jamaa zake. Tendo hilo si la kusifiwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo alifika Khartoum, hana fedha wala cheo. Mtu aliyekuja kuwa tegemeo la maelfu aliingia Sudan akiwa amefilisika, na amevunja ahadi nyuma yake.

Wakati huo Jenerali Gordon alikuwa akilitawala jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri. Alimwita Emin awe mganga wa jimbo, naye akafika Lado mwaka 1876. Alitumwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Mfalme Kabarega wa Bunyoro, na kote alikwenda kwa maneno ya upole kuliko kwa mizinga. Mwaka 1878 akafanywa gavana. Jimbo alilokabidhiwa lilikuwa limejaa uonevu wa wafanyabiashara ya watumwa, na wengi wa makarani na maofisa wake wa Kimisri walikuwa wahalifu waliofukuzwa makwao. Katika watu hao alitakiwa kujenga serikali.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi, aliongoza uasi mkubwa nchini Sudan. Merikebu ya mwisho ya moshi kutoka Khartoum ilifika Lado mwaka 1883, na baada ya hapo mto ukafungwa. Mwaka 1884 jimbo jirani la Bahr el Ghazal lilianguka, na Emin akaandikiwa barua ya kumtaka asalimu amri. Tarehe 26 Januari, 1885, Khartoum ikatekwa na Gordon akauawa. Mwaka huo huo Emin alihamisha makao yake kusini hadi Wadelai, katika ukingo wa magharibi wa Nile, mahali ambapo sasa pamo katika wilaya ya Pakwach. Hapakuwa tena na mishahara, nguo, dawa wala barua za serikali.

Je, mtu aliye katika hali hiyo hufanya nini? Emin hakuwa jemadari wa vita. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye macho hafifu mno, hata akitaka kusoma hana budi kuleta karatasi karibu na pua. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakuna adui aliyeweza kumnyang'anya, nalo ni utaratibu wa siku. Asubuhi aliwatazama wagonjwa. Kwa saa zake maalumu alipima joto la hewa na kuandika hali ya mvua na upepo. Aliandika kumbukumbu zake kwa herufi ndogo zilizopangwa vizuri. Alikusanya ndege na wadudu, akawakausha na kuandika mahali walipopatikana. Jioni alikuwa na binti yake mdogo, Ferida, aliyezaliwa huko huko Equatoria.

Huenda askari akacheka na kuuliza, ndege wadogo wana faida gani kwa mtu aliyezungukwa na vita? Faida yao ilikuwa kubwa. Mtu anayetafuta ndege hulazimika kuinua macho. Anayepima mvua ya leo hana budi kuiona leo kuwa ni siku yenye thamani, isiyofanana na jana. Kazi hiyo haikumtegemea mtu wa Cairo wala wa London. Aliweza kuianza na kuimaliza kwa mikono yake mwenyewe. Wala haikupotea bure. Yuko ndege mdogo wa vichakani mwenye kichwa cha kijivu, ambaye wataalamu humwita Eminia, na yuko shomoro wa rangi ya hudhurungi aliyepewa jina lake vilevile. Ndege hao wangali wakiimba katika Afrika ya Mashariki hata leo, ilhali dola aliyoitumikia imetoweka.

Aidha, utaratibu huo haukuwa wa gavana peke yake. Katika vituo vya mtoni askari na wake zao walilima mashamba na bustani. Walipanda pamba, wakasokota na kufuma nguo zao wenyewe. Walitengeneza viatu kwa ngozi, sabuni kwa mafuta na majivu, na mishumaa kwa nta. Asali ilikuwa sukari yao. Merikebu mbili ndogo, Khedive na Nyanza, ziliendelea kupita baina ya Dufile na Ziwa Albert. Mtu aliyevaa nguo aliyoifuma nyumbani kwake hukumbuka kila asubuhi kwamba bado ana uwezo, hata kama mshahara haukuja.

Lakini si haki kuisimulia habari hii kana kwamba ngome zile zilikuwa baraka tupu. Nafaka na ng'ombe wengi waliolisha vituo vile walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wenyeji. Amani ya moyo ya askari iliyonunuliwa kwa njaa ya raia ilikuwa na ufa ndani yake tangu mwanzo. Kituo kilichokosana na majirani zake huwa ni kisiwa, na kisiwani hofu haina mahali pa kutokea.

Mapema mwaka 1886 Emin alipata barua ya Nubar Pasha, waziri mkuu wa Misri. Ilimweleza kwamba serikali inaiacha Sudan, na kwamba afanye awezavyo kuwaondoa watu wake. Kwa mtu aliyengoja miaka mitatu, hilo lilikuwa pigo zito. Kilichomsaidia wakati ule kilikuwa urafiki. Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa Buganda, aliandikiana naye, na barua zao zilipenya nchi yenye vita. Emin aliendelea na kazi zake kama kawaida, huku akijua kwamba aliowatumikia wamemwacha.

Hapo ndipo tatizo kubwa lilipojitokeza. Gavana alijua ukweli, lakini askari wengi hawakuuamini. Batalioni ya kwanza, iliyokuwa upande wa kaskazini karibu na Rejaf, ilikuwa imekwisha kuacha kumtii. Kambini ukaenea uvumi kwamba Khartoum haikuanguka, kwamba barua zile ni za uongo, na kwamba gavana anataka kuwapeleka ugenini wakawe watumwa wa Waingereza. Mahali pasipo na habari za hakika, uvumi hupanda cheo upesi kuliko ofisa yeyote.

Mwezi Aprili 1888 msaada uliosubiriwa ulifika katika Ziwa Albert. Aliyeuongoza ni Henry Morton Stanley, ambaye alikuwa amevuka msitu wa Kongo na kupoteza watu wengi njiani. Askari walitazamia kuona jeshi la Khedive lenye fahari. Badala yake waliona watu wenye njaa, wenye nguo zilizoraruka na risasi chache. Msaada ule, badala ya kuwapa moyo, uliwavunja. Mwezi Agosti mwaka huo Emin alifungwa na askari wake mwenyewe huko Dufile, pamoja na Jephson, ofisa wa Stanley.

Miezi michache baadaye majeshi ya Mahdi yalikuja kwa merikebu kutoka kaskazini. Rejaf ilitekwa. Waasi, walipoona hatari, walimwachilia Emin. Mwishoni mwa Novemba 1888 Dufile ilishambuliwa vikali, na askari wale wale walioasi, wakiongozwa na Selim Bey, waliilinda ngome na kuwarudisha nyuma maadui. Hawakuwa waoga, basi. Walichokosa ni imani kati yao na mkubwa wao, na jambo hilo halifumwi kwa pamba wala halipimwi kwa kipimajoto.

Mwezi Aprili 1889 Stanley hakutaka kungoja zaidi. Emin aliondoka naye pamoja na watu mia kadhaa, naye Selim Bey na askari wengi wakabaki nyuma. Tarehe 4 Desemba, 1889, msafara ulifika Bagamoyo. Usiku ule ule, katika karamu ya kuwapongeza, Emin, kwa sababu ya macho yake mabovu, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwani. Mtu aliyeokoka miaka yote ya vita nusura auawe na furaha ya usiku mmoja.

Alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani. Mwaka 1890 alianzisha kituo cha Bukoba, kisha akaenda magharibi akiwa karibu kuwa kipofu, na ndui ikaushambulia msafara wake. Mwezi Oktoba 1892 aliuawa katika Kongo ya Mashariki kwa amri ya wafanyabiashara ya watumwa. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiandika na kukusanya ndege wake.

Na wale aliowaacha? Hapa pana jambo la kushangaza. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alimkuta Selim Bey kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Miaka zaidi ya miwili ilikuwa imepita, nao walikuwa wangali wakishika nidhamu ya jeshi, wenye makarani na vyeo vyao, wakilima pamba na kuvaa nguo za kufuma wenyewe. Selim Bey alikataa kumfuata Lugard mpaka Khedive atoe ruhusa, kwa maana aliona kiapo chake bado kinamfunga. Hatimaye watu zaidi ya 8,000, wengi wao wanawake na watoto, waliondoka pamoja. Kutokana na askari hao likaundwa jeshi la Uganda Rifles mwaka 1895, ambalo mwaka 1902 liliingizwa katika King's African Rifles.

Kwa hiyo, utaratibu wa siku uliwadumisha hata baada ya gavana wao kuondoka. Hilo ndilo fundisho la kwanza: askari asiuweke moyo wake wote juu ya moshi wa merikebu ambayo huenda isije. Na awe na kazi ndogo ya leo ambayo ni yake: bustani nyuma ya kambi, kitabu cha kusoma, daftari la kuandika, jirani mgonjwa wa kumjulia hali, barua ya kumwandikia mama.

Fundisho la pili linawahusu wenye vyeo. Gavana alikuwa na ndege wake na kumbukumbu zake, akatulia. Lakini askari wa Rejaf alihitaji kuona uso wa mkubwa wake na kusikia ukweli kutoka kinywani mwake kabla uvumi haujafika. Ofisa anayewatembelea watu wake kituoni, akawaeleza yanayojulikana na kusikiliza yanayowasumbua, amewapa posho isiyotoka katika hazina.

Ndugu askari, huko Dufile mahandaki ya ngome ile yangalipo kando ya Nile. Ukipita huko kwa doria, simama kidogo. Kisha endelea na kazi yako ya leo, na jioni ukifika kituoni, mwulize mwenzako ameshindaje.