MAISHA YA NASSER NA MUFEREJI WA SUEZ

Wandugu wanafunzi, na ninyi waalimu wetu, mara hii tunawaletea maisha ya mutu ambaye jina lake wazee wetu walilisikia sana mu radio: Gamal Abdel Nasser wa Misri.

Nasser alizaliwa tarehe 15 Januari 1918 mu muji wa Alexandria. Baba yake alikuwa karani wa posta, mutu wa kijiji cha Beni Mur. Hawakuwa matajiri. Mama yake alikufa mwaka wa 1926, wakati mutoto alikuwa Kairo kwa ndugu ya baba yake juu ya masomo. Hawakumwambia mara moja. Alipata habari nyuma, mama amekwisha kuzikwa, na uchungu ule ulikaa naye.

Sasa tufahamu kwanza inchi yake. Mufereji wa Suez unaunganisha bahari ya Mediteranea na Bahari Nyekundu. Mbele ya kuuchimba, meli ya kutoka Ulaya kwenda Hindi ilipaswa kuzunguka Afrika nzima. Kazi ilianza mwaka wa 1859, na mufereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Wakulima wa Misri walilazimishwa kuchimba, na wengi walikufa pale pale. Lakini faida ilienda kwa kampani ya wageni. Mwaka wa 1875 mutawala wa Misri, ambaye madeni yalimulemea, aliuzisha sehemu yake ya kampani kwa Waingereza. Mwaka wa 1882 waaskari wa Uingereza waliingia mu Misri, wakakaa. Kwao mufereji ulikuwa njia ya Hindi, kisha njia ya mafuta. Basi Misri ilikuwa sawa mwenye nyumba anayelala inje, na mupangaji ndiye anashika ufunguo.

Mwezi wa Novemba 1935 Nasser alikuwa mwanafunzi wa sekondari kama sisi, miaka yake 17. Wanafunzi wa Kairo walishuka mu barabara kudai katiba na uhuru. Polisi walipiga masasi. Wengine walikufa, naye risasi ilimukwaruza kwenye paji la uso. Mwaka wa 1936 mapatano yaliwaruhusu Waingereza kubakiza waaskari kando ya mufereji kwa miaka 20.

Alipotaka kuingia masomo ya jeshi, mara ya kwanza walimukataa. Mwaka wa 1937 walimupokea. Mwezi wa Februari 1942 aliona haya kubwa: Waingereza walizunguka nyumba ya mufalme Farouk na magari ya vita, wakamulazimisha kuweka waziri waliyemutaka wao. Mwaka wa 1948, mu vita ya Palestina, yeye na wenzake walizungukwa pale Faluja kwa miezi. Toka pale alifahamu kwamba ugonjwa wa inchi ulikuwa hata ndani ya nyumba. Tarehe 23 Julai 1952 maofisa wake walishika mamlaka, na nyuma ya siku tatu Farouk alipanda meli akaenda. Waaskari wa mwisho wa Uingereza walitoka kando ya mufereji mwezi wa Juni 1956.

Nasser alitaka kujenga ukuta mukubwa wa kuzuia maji ya muto Nile pale Aswan, upate kutoa umeme na kulisha mashamba. Marekani na Uingereza waliahidi feza, kisha mwezi wa Julai 1956 walirudisha mukono. Tarehe 26 ya mwezi ule alisimama Alexandria mbele ya watu wengi. Alipotaja mu radio jina la de Lesseps, Mufaransa aliyesimamia kuchimba mufereji, lilikuwa alama: watu wake waliingia mu ofisi za kampani. Mufereji ukawa wa Misri. Je, ulikuwa wizi? Hapana. Aliahidi kuwalipa wenye kampani, na mwaka wa 1958 walipatana juu ya malipo.

Wengi walisema Wamisri hawataweza kuongoza meli. Mwezi wa Septemba waongozaji wageni waliacha kazi, lakini meli zilipita tu.

Tarehe 29 Oktoba 1956 Israeli ilishambulia, kisha Uingereza na Ufaransa wakaleta ndege na waaskari. Misri ilizamisha meli ndani ya mufereji, njia ikafungwa. Hapo dunia iliona jambo: Uingereza ilikuwa na bunduki, lakini feza yake ilikuwa inaanguka, na Marekani ilikataa kuisaidia mbele haijaacha vita. Urusi nayo ilitisha. Mwezi wa Desemba Waingereza na Wafaransa walirudi kwao, na waziri mukuu wa Uingereza, Eden, akaacha kazi Januari 1957.

Inchi zingine zilizotawaliwa zilipata moyo. Radio Kairo ilisema hata kwa Kiswahili. Nasi watu wa Kongo tusisahau: watoto wa Lumumba walipelekwa Kairo mwisho wa mwaka wa 1960, Nasser akawatunza.

Lakini tusimufanye malaika. Alifunga wengi waliomupinga, wengine walinyongwa. Nyuma ya vita ya 1956 Wayahudi wengi walifukuzwa mu inchi waliyozaliwa. Mwezi wa Juni 1967 alishindwa na Israeli ndani ya siku sita, na mufereji ulifungwa mupaka 1975. Alitaka kuacha kazi, watu wakamukataza.

Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Septemba 1970, miaka yake 52. Mamilioni walimusindikiza.

Ni fundisho gani kwetu? Kurudisha ufunguo wa nyumba ni kazi kubwa. Lakini mwenye kuushika asiwafungie wandugu zake inje. Tena, wale waongozaji wa meli walikuwa wamejifunza kazi mbele ya siku ile kufika. Basi, wandugu, tusome.