Muyaka bin Haji: sauti ya Mvita iliyookolewa na kalamu

Ukitaja ushairi wa Kiswahili hapa Mombasa, jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy halikosi kutajwa. Wengi wetu tulikutana naye shuleni, tukadhani mashairi yake yamekuwa kitabuni tangu zamani. Sivyo. Muyaka alikufa na kazi yake ikabaki vinywani mwa watu, na ilikuwa karibu ipotee.

Alizaliwa Mvita kiasi cha 1776, wakati mji ukiwa mikononi mwa Mazrui. Ujana na utu uzima wake ulikuwa wa misukosuko. Kiasi cha 1812, Mombasa na Pate ziliungana kupigana na Lamu, zikashindwa vibaya ufuoni Shela. Watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, wakatafuta ulinzi kwa Seyyid Said wa Omani. Kuanzia 1828 Seyyid Said akaandama Mombasa kwa merikebu zake, akarudishwa, akaja tena, hadi 1837 utawala wa Mazrui ulipoanguka.

Katika miaka hiyo yote silaha ya Muyaka ilikuwa ulimi. Alitunga kuwatia moyo watu wa Mvita, kuwakejeli mahasimu wao na kuwaonya viongozi. Lamu nako kulikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi. Majibizano ya zama hizo yalivuka bahari kama barua, na kila upande ukiyasubiri.

Lakini Muyaka hakuwa mshairi wa vita peke yake. Kabla yake, tungo nyingi zilizoandikwa zilikuwa tenzi ndefu za dini. Yeye alilichukua shairi la beti za mistari minne akalitumia kwa mambo ya kila siku: mapenzi na ndoa, rafiki aliyegeuka, ukata, na mafumbo ya kuwachemsha bongo watu wa barazani. Tungo zake ziliimbwa na kughaniwa, na aliyezipenda alizihifadhi kwa moyo. Ndivyo zilivyoenea, na ndivyo zilivyobaki alipofariki kiasi cha 1840.

Miaka 40 ikapita. Waliomsikia kwa masikio yao walikuwa wazee, na kila jeneza lililotoka lilikwenda na beti zake. Hapo ndipo akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa hapa hapa Mombasa. Alizikusanya tungo kwa waliozikumbuka, akaziandika kwa herufi za Kiarabu. Katika kazi hiyo alishirikiana na William Taylor, mmishonari Mwingereza aliyefika Mombasa 1880 na kukijua Kimvita kwa undani. Taylor aliuliza maana ya maneno na sababu ya kila shairi, akaandika maelezo pembeni. Sikujua alifariki 1890.

Kazi hiyo si ya kunakili tu. Mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina viwili. Msimulizi akisahau neno na kutia jingine, mara nyingi mizani hupelea au kina hupotea, na mwandishi mwangalifu hujua pana kasoro. Lakini neno geni likilingana kwa mizani na kina, hupita kimya kimya. Hapo hapana dawa ila kukijua Kimvita cha wakati ule na kukijua kisa chenyewe. Ubeti wa kejeli bila kisa chake ni kama kufuli bila ufunguo.

Karatasi za Taylor zikaishia London. William Hichens akazitumia kuandaa diwani ya Muyaka iliyochapishwa Johannesburg 1940, karne nzima baada ya mshairi kufariki. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, mwana wa Mombasa na mtaalamu wa lugha, akatoa Nairobi kitabu chake kuhusu Muyaka. Humo mna mashairi, tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya historia na maisha yaliyoyazaa. Mwalimu wa leo anayefundisha Muyaka anasimama juu ya mabega ya watu hawa.

Ndugu msomaji, tazama njia yenyewe: kutoka barazani Mvita hadi London, kisha Johannesburg, ndipo ikarudi Nairobi. Tushukuru kwamba ilirudi. Lakini tusisahau kuwa mlango wa kwanza ulifunguliwa na mwalimu wa mjini, aliyewauliza wazee wake wangali hai.

Na kalamu ya Sikujua iliokoa maneno. Mahadhi hayaandikiki kwa herufi. Hayo yanataka sikio na koo. Leo kila mmoja wetu ana simu inayorekodi. Bibi zetu wangali wanazijua nyimbo za vugo na za kubembelezea watoto, na wazee wetu wanajua ubeti gani ulimlenga nani. Tuwarekodi, tuwaulize maana, tuandike jina la aliyesimulia, mahali na tarehe. Muyaka alipata wa kumwandika miaka 40 baada ya kufa kwake. Si kila mtunzi atakuwa na bahati hiyo.