Sen no Rikyu: Bingwa wa chai aliyelipa uhai wake

Katika mtaa wa Namakwekwe mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki, siku huanza kwa chai. Maji na maziwa huchemshwa pamoja na majani, tangawizi hutiwa kwa anayeipenda, na kikombe hushikwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika chapati. Ni wachache wanaokitazama kikombe chenyewe.

Zaidi ya miaka 400 iliyopita, huko Japani, aliishi mtu aliyewafundisha watu wa nchi yake kukitazama chombo cha chai, pamoja na mkono unaokitoa, ukuta ulio nyuma yake na ua moja lililowekwa pembeni. Jina lake ni Sen no Rikyu. Kutokana na kinywaji alichokiandaa, ufinyanzi, ujenzi, bustani, upangaji wa maua na hata mapishi ya Japani vilipata sura ambayo havijaiacha mpaka leo. Yeye mwenyewe aliishia kulipa kwa uhai wake.

Mwana wa bandari

Rikyu alizaliwa mwaka 1522 katika Sakai, mji wa bandari ulio karibu na Osaka. Watu wa ukoo wake walikuwa wafanyabiashara. Wakati huo sehemu kubwa ya Japani ilikuwa ikiteketea kwa vita vya mabwana waliogombea ardhi, lakini Sakai, kwa utajiri wake, ulijiendesha kwa kiasi kikubwa chini ya baraza la wafanyabiashara wake. Anayeijua historia ya Lamu, Mombasa au Kilwa ataitambua hali hiyo: mji wa pwani, bidhaa za ng'ambo, na watu wenye fedha wanaopenda vitu vizuri.

Chai haikuwa ngeni kwao. Watawa wa Kibudha walikuwa wameileta kutoka China karne nyingi kabla, wakiitumia kuukimbiza usingizi wakati wa ibada. Ilikuwa chai ya unga wa kijani, unaotiwa ndani ya bakuli, ukamwagiwa maji ya moto na kupigwa kwa kifaa kilichochongwa kwa mwanzi mpaka utoe povu. Baadaye matajiri waliigeuza kuwa karamu ya kujionyesha. Aliyemiliki chombo adimu kutoka China alialika wageni ili wakione na kukisifu.

Kabla ya Rikyu, alikuwapo mtu aliyeanza kuupinga mwenendo huo. Murata Juko, aliyefariki dunia mwaka 1502, alianza kuchanganya vyombo vya fahari na vya kawaida. Takeno Joo, mfanyabiashara wa Sakai, akaiendeleza njia hiyo, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wa Rikyu. Kijana huyo pia alipitia mafunzo ya madhehebu ya Zen, yanayosisitiza utulivu wa nafsi na kuachana na kisichohitajika. Mambo hayo mawili, yaani chai na Zen, hayakutengana tena maishani mwake.

Mlango wa kuingilia kwa magoti

Bwana wa kivita Oda Nobunaga alipoutia Sakai chini ya mamlaka yake, Rikyu alikuwa miongoni mwa mabingwa wa chai aliowachukua wamtumikie. Mwaka 1582 Nobunaga alisalitiwa na mmoja wa majemadari wake na kupoteza maisha. Nafasi yake ilichukuliwa na Toyotomi Hideyoshi, mtu wa asili duni aliyepanda ngazi kwa ujasiri na hila hadi kuitawala Japani nzima. Kwake Rikyu hakuwa mwandaaji wa chai tu, bali pia mshauri ambaye maneno yake yalisikilizwa katika mambo ya utawala.

Huko Yamazaki, karibu na Kyoto, kipo hadi leo chumba cha chai kinachonasibishwa na Rikyu, kiitwacho Tai-an. Sakafu yake ina mikeka miwili tu ya Kijapani, eneo lisilofika mita 4 za mraba. Kuta zake ni za udongo uliochanganywa na majani makavu, na mwanga huingia kwa uchache kupitia madirisha ya karatasi. Chumba hicho kinahesabiwa miongoni mwa hazina za taifa la Japani.

Mlango wake ndio uliobeba fundisho kubwa. Ni mdogo kiasi kwamba mgeni hulazimika kuinama na kuingia kwa magoti. Katika vyumba vya aina hiyo, askari wa tabaka la samurai aliacha upanga wake nje. Bwana mwenye majeshi na muuzaji wa samaki waliinamisha vichwa sawasawa, wakaketi chini sawasawa. Wazee wa Afrika Mashariki waliokulia katika nyumba za msonge, zenye milango mifupi, wanaufahamu mwendo huo wa mwili.

Ndani, chai nzito iliandaliwa katika bakuli moja, nalo likapita kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akinywa sehemu yake. Desturi hiyo nayo si ya ajabu kwa wakazi wa Mbale, ambako wazee wamekuwa wakiketi kuuzunguka mtungi mmoja wa pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Udongo dhidi ya dhahabu

Rikyu hakuwa mfinyanzi, lakini aliubadilisha ufinyanzi wa Japani. Alishirikiana na Chojiro, fundi anayejulikana kuwa alitengeneza vigae vya mapambo ya paa. Badala ya kutumia gurudumu, Chojiro aliyaunda mabakuli kwa viganja vyake, kisha akayachoma katika tanuri dogo. Yalikuwa meusi au mekundu, yasiyo na michoro, na ukingo wake haukuwa sawa kabisa. Mabakuli hayo ndiyo chimbuko la ufinyanzi uitwao Raku, na familia inayouendeleza huko Kyoto imefikia kizazi cha 16.

Wafinyanzi wa jadi wa Afrika Mashariki, ambao kwa kawaida huunda vyungu kwa mikono bila gurudumu, wasingeona jambo geni katika kazi hiyo. Kilichokuwa kipya ni uamuzi wa Rikyu kwamba chombo cha namna hiyo kinastahili kuwekwa mbele ya mtawala. Kwa jicho hilohilo alivithamini vyombo vya kawaida kutoka Korea na vikapu vya wavuvi. Uzuri, kwa mujibu wa njia yake, haukutoka katika bei, bali katika namna mtu anavyokitazama kitu na anavyomtumikia mwenzake.

Hideyoshi aliipenda chai, lakini aliipenda pia dhahabu. Aliagiza kijengwe chumba cha chai kinachoweza kubomolewa na kusafirishwa, ambacho kuta zake zilifunikwa kwa dhahabu, na mwaka 1586 akakipeleka katika kasri la mfalme. Mwaka mmoja kabla yake, Rikyu alikuwa ameshiriki katika kumwandalia chai Mfalme Ogimachi, na ni katika tukio hilo alipopewa jina la Rikyu ambalo historia inamjua kwalo. Mwaka 1587 Hideyoshi aliitisha mkutano mkubwa wa chai huko Kitano, Kyoto, ambako hata mtu wa kawaida aliruhusiwa kufika na mkeka, birika na bakuli lake. Ulipangwa kudumu kwa siku 10, ukavunjwa baada ya siku moja.

Husimuliwa kwamba Hideyoshi alisikia sifa za maua yaliyochanua katika bustani ya Rikyu, akaenda alfajiri kuyaona. Alipofika, maua yote yalikuwa yamekatwa. Alipoingia katika chumba cha chai akiwa na hasira, alikuta ua moja tu katika chombo. Kisa hicho, kiwe kilitokea au la, kinaeleza uhusiano wa watu hao wawili: mmoja aliamini katika wingi, mwingine katika kimoja kilichochaguliwa.

Hukumu

Mwaka 1589 Rikyu aligharamia ujenzi wa ghorofa ya juu ya lango la hekalu la Daitoku-ji, Kyoto. Ndani yake iliwekwa sanamu yake. Ilisemwa kwamba yeyote atakayepita chini ya lango hilo, hata mtawala, atakuwa akipita chini ya miguu ya muuza chai. Alituhumiwa pia kujipatia faida isiyo halali kutokana na vyombo vya chai. Wanahistoria hawajakubaliana kuhusu sababu ya kweli. Wapo wanaoitafuta katika ugomvi wa makundi ndani ya utawala.

Mapema mwaka 1591 Rikyu alipelekwa Sakai kuishi chini ya kizuizi. Baadaye aliitwa tena Kyoto na kuamriwa ajiue kwa desturi ya samurai, ingawa alizaliwa katika tabaka la wafanyabiashara. Tarehe 21 Aprili mwaka huo alitekeleza amri hiyo. Sanamu yake ilishushwa langoni na kutundikwa hadharani kama mhalifu.

Mwaka uliofuata Hideyoshi aliivamia Korea. Katika vita hivyo, vilivyoendelea hadi mwaka 1598, mabwana wa Kijapani waliwachukua mateka wafinyanzi wa Kikorea na kuwahamishia Japani, ambako walianzisha viwanda vya vyombo vya udongo vilivyopata sifa kubwa. Mapenzi ya bakuli la kawaida, yaliyofundishwa katika chumba kidogo cha amani, yaliingia hivyo katika historia ya utekaji wa watu.

Kilichobaki

Familia ya Rikyu iliruhusiwa baadaye kurejea katika kazi yake. Mjukuu wake, Sotan, alikataa kuwatumikia watawala na akaishi maisha ya kiasi. Wana watatu wa Sotan walianzisha nyumba tatu za mafunzo ya chai, za Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke, ambazo bado zinafundisha mjini Kyoto.

Chumba cha dhahabu cha Hideyoshi hakipo tena. Vinavyoonyeshwa leo ni vya kuigiza. Lakini katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kimehifadhiwa chombo cha maua kinachoaminika kuwa Rikyu alikikata mwaka 1590, alipofuatana na jeshi la Hideyoshi vitani. Ni kipande cha mwanzi chenye ufa mrefu.